Nembo ya Chuo Kikuu Juu ya Fulana: Ni Mali ya Nani?



Apitaye sokoni Kabezi siku robota jipya la mitumba linapofunguliwa huona ajabu ambayo tumeizoea hata hatuitazami tena. Mvuvi aliyerejea alfajiri amevaa sweta lenye jina la Chuo Kikuu cha Michigan. Mwendesha baiskeli aliyefunga mikungu ya ndizi, akielekea Bujumbura, amevaa fulana ya Harvard. Hakuna aliyewahi kuwauliza shahada zao, wala hakuna askari aliyewahi kuwasimamisha kwa ajili ya mavazi hayo.

Lakini katika soko hilo hilo, kijana mwenye mashine ndogo ya kuchapa picha kwenye nguo akiagizwa fulana mia moja zenye nembo ya chuo kikuu, anaweza kujikuta mbele ya afisa wa polisi ya mahakama akiulizwa ni nani aliyemruhusu. Katika mikutano yetu na wananchi tumeulizwa mara nyingi sababu ya tofauti hii, na wengine wameuliza kwa uchungu, kwa kuwa wamepoteza mtaji. Tumeona ni haki jibu litolewe kwa maandishi.

Tuanze na alama yenyewe. Jina la chuo, nembo yake, na wakati mwingine hata rangi zilizopangwa kwa namna maalumu, vinaweza kuandikishwa kuwa alama ya biashara. Nchini Burundi jambo hili linaongozwa na Sheria Namba 1/13 ya tarehe 28 Julai 2009 kuhusu umiliki wa viwandani, na uandikishaji hufanyika katika idara husika ya wizara inayoshughulikia biashara. Alama iliyoandikishwa hulindwa kwa miaka 10, na mwenyewe anaweza kuuhuisha muda huo. Katika kipindi hicho, mtu mwingine hana ruhusa ya kuitia alama ile kwenye bidhaa za aina ileile kwa ajili ya kuuza, isipokuwa mwenyewe amekubali.

Maneno "bidhaa za aina ileile" yana uzito kuliko wengi wanavyodhani. Alama huandikishwa kwa mafungu yanayotumika karibu duniani kote: elimu iko fungu la 41, nguo fungu la 25, madaftari na karatasi fungu la 16, vikombe fungu la 21. Chuo kilichoandikisha jina lake kwa elimu pekee kimejilinda dhidi ya atakayefungua chuo bandia, lakini hakijajiweka vizuri dhidi ya mchapaji wa fulana. Vyuo vyetu vya Afrika Mashariki vingefanya vyema kulitazama jambo hili kabla ya kulalamika polisi, kwani mara nyingine mlalamikaji hufika kwetu akiwa na hasira ya haki na bila cheti chochote mkononi.

Ruhusa ya kutumia alama ya mwingine huitwa leseni. Ni mkataba wa maandishi. Hutaja nani anaruhusiwa, bidhaa zipi, ngapi, kwa muda gani na katika nchi gani. Hutaja pia kwamba sampuli ionyeshwe chuoni kwanza, maana fulana inayochuja rangi katika ufuo wa kwanza humfedhehesha mwenye jina. Mwisho hutaja mrabaha, yaani sehemu ya mauzo inayorudi kwa mwenye alama. Nchini Marekani, ambako biashara hii ni kubwa, mrabaha wa asilimia 10 hadi 12 ni jambo la kawaida. Huku kwetu hakuna kinachozuia chuo na fundi kukubaliana kiasi kidogo zaidi, au kukubaliana kwamba fundi atatoa fulana kadhaa bure kwa chuo badala ya fedha.

Huko Marekani kwenyewe jambo hili si la kale sana. Kwa miaka mingi viwanda vilichapa majina ya vyuo bila kuomba ruhusa, na vyuo vilifurahi kuona majina yao yakitangazwa. Mambo yalibadilika katika miaka ya 1970, na mwaka 1981 ikaanzishwa kampuni ya kusimamia leseni za vyuo vingi kwa pamoja. Ubishi haukuisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Chuo Kikuu cha Pittsburgh kilikishtaki kiwanda cha Champion, ambacho kilikuwa kimechapa jina lake tangu mwaka 1936, na mahakama ya wilaya haikukipa chuo ushindi. Mwezi Novemba 2024, kinyume chake, baraza la wazee wa mahakama katika jimbo la Pennsylvania lilikipa ushindi Chuo Kikuu cha Penn State dhidi ya muuzaji wa nguo zenye picha zake za zamani. Basi msomaji asione aibu kutatizwa na swali ambalo mahakimu wamelibishania kwa zaidi ya miaka 40.

Sasa turudi kwa mvuvi wetu. Sweta lake lilitengenezwa kwa ruhusa, likauzwa mara ya kwanza, na mrabaha ukalipwa siku ile. Chuo kilikwisha kupata chake. Nguo hiyo ikivaliwa, ikatolewa, ikafungwa katika robota na kuuzwa tena sokoni, hakuna aliyeitengeneza alama upya. Fulana ya kijana mchapaji ni kitu kingine: ni alama mpya juu ya kitambaa kipya, na mnunuzi anaweza kuamini kwamba imetoka chuoni. Kwa hiyo muuza mitumba asiogope nembo zilizomo katika robota lake. Anachopaswa kuwa nacho ni risiti ya ununuzi na hati za ushuru wa Ofisi ya Mapato, OBR.

Mpaka unaongeza ugumu wake. Haki ya alama hufungamana na nchi ilikoandikishwa. Iliyoandikishwa Bujumbura hailindwi Kigoma kwa sababu hiyo pekee, wala ya Tanzania Bara haifiki Zanzibar, ambako uandikishaji ni wa pekee. Lakini asidhani mtu kwamba akivuka ziwa amevuka sheria. Burundi, Tanzania na Kongo zote zimo katika Mkataba wa Paris wa mwaka 1883, ambao hulinda alama zinazojulikana sana hata pasipo uandikishaji wa ndani, na huzuia pia bendera na nembo za dola kuandikishwa kuwa alama ya mfanyabiashara bila idhini. Upande wa Tanzania, Tume ya Ushindani hukagua na kukamata bidhaa bandia chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Wale wanaotumia cheti rahisi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 wakumbuke kwamba cheti kile huonyesha bidhaa ilikotoka tu. Hakiifanyi nembo bandia kuwa halali.

Na sisi polisi? Askari wa barabarani hana kazi ya kuamua kama nembo ni halali, wala hana haki ya kuchukua fulana "kwa uchunguzi" kisha zisionekane tena. Kwa kawaida jambo huanza kwa malalamiko ya mwenye alama au kwa ukaguzi wa forodha. Bidhaa zikizuiliwa, ziandikwe idadi na aina katika hati ya ukamataji, ile tunayoiita PV, nawe usomewe kabla ya kutia sahihi. Anayeamua ni mahakama. Ukinyimwa hati, njoo kwa mkuu wa kituo, na ukiweza njoo na mzee wa kilima chako.

Kuna upande mwingine unaotugusa zaidi kuliko mrabaha. Fulana yenye nembo humpa mvaaji heshima asiyoifanyia kazi. Mtu akija kijijini amevaa nembo ya chuo, ana kalamu na daftari lenye nembo ileile, mzazi aliyeuza mawese ya mwaka mzima anaweza kumkabidhi "ada ya kumwandikisha mtoto". Ada ya chuo hailipwi mkononi mwa mtu chini ya mwembe. Hulipwa katika akaunti ya chuo, na risiti hutolewa.

Tunamkumbuka kijana mmoja wa pwani hii aliyepokea oda ya fulana 120 kwa sherehe ya wahitimu. Alinunua kitambaa kwa mkopo wa chama cha akiba cha mama yake. Mzigo ulizuiliwa, naye akatoa barua aliyodhani ni ruhusa: ilikuwa imetiwa sahihi na kiongozi wa wanafunzi, ambaye hana mamlaka ya kuitoa alama ya chuo kwa mtu. Tulimshauri aandike kwa uongozi wa chuo, aeleze idadi, bei na tarehe ya sherehe, na aambatishe fulana moja. Jibu lilichukua wiki tano, na sherehe ilikuwa imepita. Hata hivyo chuo kilimpa leseni ya ukurasa mmoja kwa mwaka uliofuata, na zile 120 kikakubali ziuzwe baada ya kulipiwa mrabaha mdogo. Mkopo wa chama ulimalizika mwezi wa saba. Leseni ile ameitia ndani ya mfuko wa plastiki, ameitundika ukutani kando ya mashine, na mteja akimletea nembo nyingine humwonyesha kwanza karatasi hiyo, kisha humwuliza yake iko wapi.