Ki-67 ya bibi zetu si kitu cha anasa

Tangu mwezi mingi karatasi za labo zinazunguka mu kambi zetu, na hatuzielewi. Mwenzetu mumoja wa concasseur alituletea rapore ya bibi yake, mwenye uvimbe mu ziwa la kushoto. Chini kuliandikwa: « Ki-67: 40 % ». Yeye alifikiri ni asilimia ya kufa. Kwenye dispansere hakuna aliyemufasiria. Tukaenda kuuliza waganga wa labo, na tunaandika hapa vile walituambia.

Ki-67 ni proteini inayopatikana ndani ya kiini cha seli wakati seli iko kazini: inajitayarisha, inanakili urithi wake, inagawanyika kuwa mbili. Seli iliyopumzika haina. Kuiona, wanatumia antikori, na hiyo antikori ni sawa pointeri wa kwenye mulango wa mugodi: hajali kama uko poste ya asubuhi ao ya usiku, anaandika paka nani ameingia. Wanaitia juu ya kipande cha nyama chembamba sana, inashika proteini, kisha seli zile zinapakwa rangi ya kahawia. Zingine zinabaki buluu. Munganga anahesabu. 40 % ni kusema mu seli 100 za kanseri, 40 ziko kazini. Si hesabu ya siku za kuishi.

Antikori ya kwanza ilitoka mu muji wa Kiel, Ujerumani, mwaka 1983, kwa kikundi cha Johannes Gerdes. Walichoma panya sindano ya viini vya seli za kanseri ya Hodgkin, na antikori nzuri ikapatikana mu kishimo namba 67 cha sahani ya labo. Ki ni Kiel, hakuna siri ingine. Lakini ilisoma paka nyama iliyogandishwa. Mwaka 1992 ikakuja MIB-1, inayosoma hata nyama ya formoli na nta, kama wanaipasha kwanza moto mu furu ya mikro-onde. Njo maana chupa ndogo inaweza kutoka Kolwezi mpaka Lubumbashi, kilometa kama 300, na bado isomeke.

Sasa hiyo chupa njo inatuletea maneno. Nyama ikikatwa, inaanza kuharibika palepale. Waganga wanaomba iingie mu formoli ya 10 % mbele ya saa moja kupita, formoli iwe nyingi mara kumi kuliko nyama, na ikae humo saa 6 mpaka 72. Tunajua dispansere moja walikoitia mu serumu ya chumvi, ikangoja gari siku mbili. Labo haikusoma kitu. Mama alikatwa mara ya pili, na bwana yake akakatwa mushahara juu ya bili. Hiyo hatuikubali.

Tena Ki-67 peke yake haitoshi. Wataalamu wa inchi mingi waliandika mwaka 2021 kwamba, kwa kanseri ya ziwa ya mwanzo, ile ya homoni na isiyo na HER2, hesabu ya 5 % ao chini, ao ya 30 % ao juu, njo inasaidia kuamua juu ya kimioterapi. Katikati, labo mbili zinaweza kupishana. Sisi tunaojua ugomvi wa teneri ya kobalti kati ya labo ya muuzaji na ya munjuzi, hiyo haitushangazi.

Wakubwa wengine wanatujibu kwamba uchunguzi huu ni anasa. Sheria ya kazi ya mwaka 2002 inamupa mwajiri muzigo wa matunzo ya mutumikaji na famili yake, na hatujasoma humo kwamba ziwa linatolewa. Mu mazungumuzo ya konvansio kolektive tutaomba formoli kwenye kila dispansere, saa ya kukata iandikwe juu ya chupa, na kopi ya rapore ipewe mugonjwa mwenyewe. Mwenye rapore asiyoielewa aipeleke kwa delege wa ekipi yake. Jina la mugonjwa afunike kwanza.