Mabadiliko ya akiba ya fedha za kigeni nchini Sri Lanka na Bangladesh

Akiba ya fedha za kigeni ni mali ambayo benki kuu ya nchi huitunza kwa sarafu za nje, hasa dola ya Marekani na euro, pamoja na dhahabu. Akiba hiyo hutumika kulipia bidhaa kutoka nje, kulipa madeni ya nje na kuzuia sarafu ya nchi isiporomoke ghafla.

Sri Lanka na Bangladesh, nchi mbili za Asia ya Kusini, zote zilipoteza sehemu kubwa ya akiba zao miaka ya 2020-2023. Sri Lanka ilishindwa kulipa madeni yake ya nje. Bangladesh haikufikia hatua hiyo.

Namna ya kulinganisha

Kulinganisha idadi ya dola peke yake kunapotosha, kwa kuwa Bangladesh ina watu takriban milioni 170 na Sri Lanka takriban milioni 22. Kwa hiyo hutazamwa zaidi mambo matatu:

* akiba inatosha kulipia bidhaa kutoka nje kwa miezi mingapi (kwa desturi miezi 3 huhesabiwa kuwa kiwango cha chini);
* madeni ya nje yanayopaswa kulipwa karibuni;
* sehemu ya akiba inayoweza kutumika mara moja.

Sri Lanka

Mwishoni mwa 2019 akiba ya Sri Lanka ilikuwa takriban dola bilioni 7.6. Utalii ulikuwa umeshapungua baada ya mashambulizi ya mabomu ya Pasaka ya Aprili 2019, kisha janga la UVIKO-19 likausimamisha karibu wote. Serikali pia ilikuwa imepunguza kodi: kodi ya ongezeko la thamani ilishushwa kutoka asilimia 15 hadi 8. Wakopeshaji wa nje wakapoteza imani na nchi haikuweza tena kukopa katika masoko ya kimataifa.

Hata hivyo hatifungani za zamani zilifikia muda wa kulipwa: dola bilioni 1 Oktoba 2020, bilioni 1 nyingine Julai 2021 na milioni 500 Januari 2022. Zote zililipwa, na akiba ikazidi kupungua. Benki kuu ilishikilia kiwango cha takriban rupia 200 kwa dola hadi Machi 2022. Kwa kuwa soko lisilo rasmi lilitoa bei nzuri zaidi, wafanyakazi wengi walioko nje waliacha kutuma fedha nyumbani kupitia benki.

Mwishoni mwa 2021 akiba ilitajwa kuwa dola bilioni 3.1, lakini karibu nusu yake ilikuwa yuani za China zilizopatikana kwa makubaliano ya kubadilishana sarafu, ambazo hazikuweza kutumika kwa uhuru. Mei 2022 waziri wa fedha Ali Sabry alilieleza bunge kwamba akiba inayoweza kutumika haifiki dola milioni 50. Mwaka 2021 nchi ilikuwa imeagiza bidhaa za dola zaidi ya bilioni 20, hivyo kiasi hicho hakikutosha hata kwa siku moja.

Watu walipanga foleni ndefu za petroli na gesi ya kupikia, dawa ziliadimika hospitalini, na umeme ulikatwa hadi saa 13 kwa siku. Tarehe 12 Aprili 2022 serikali ilitangaza kusimamisha malipo ya madeni ya nje, kwa mara ya kwanza tangu uhuru wa 1948. Julai mwaka huo rais Gotabaya Rajapaksa alikimbia nchi na kujiuzulu.

Bangladesh

Akiba ya Bangladesh ilipanda wakati wa janga na kufikia takriban dola bilioni 48 Agosti 2021. Uagizaji ulikuwa umepungua, na wafanyakazi walioko Saudia na nchi nyingine za Ghuba walituma fedha nyingi kupitia benki, wakipewa na serikali nyongeza ya asilimia 2.

Mwaka 2022 bei za mafuta na gesi zilipanda duniani. Benki kuu iliuza dola kuitetea taka, sarafu ya nchi, ambayo hata hivyo ilishuka kutoka takriban 86 hadi zaidi ya 100 kwa dola. Serikali ilianzisha mgawo wa umeme Julai 2022.

Mwaka 2023 hesabu yenyewe ilibadilishwa kufuata kanuni za Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF). Mwishoni mwa Juni 2023 akiba ilikuwa takriban dola bilioni 31 kwa hesabu ya zamani, lakini chini ya bilioni 25 kwa hesabu mpya. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo ilikuwa dola zilizokwisha kukopeshwa wafanyabiashara wanaouza bidhaa nje.

Sababu za tofauti

Sri Lanka ilikuwa na hatifungani nyingi za kimataifa zenye riba ya kibiashara. Bangladesh haikuuza hatifungani za serikali nje. Ilikopa hasa kutoka Benki ya Dunia, Benki ya Maendeleo ya Asia na Japani, kwa riba ndogo na muda mrefu. Kwa hiyo akiba yake ilipungua kwa sababu ya uagizaji zaidi kuliko madeni, na uagizaji unaweza kubanwa.

Mkopo baina yao

Mwaka 2021 Bangladesh iliikopesha Sri Lanka dola milioni 200 kutoka katika akiba yake. Muda wa kulipa uliongezwa, na mkopo ulimalizika kulipwa mwaka 2023. Mwaka huohuo nchi zote mbili zilikubaliwa mikopo ya IMF: Bangladesh dola bilioni 4.7 mwezi Januari, na Sri Lanka takriban bilioni 3 mwezi Machi. Mwishoni mwa 2024 akiba ya Sri Lanka ilikuwa imerudi juu ya dola bilioni 6.