KOMPYUTA INAYOPOKEA SIMU



Wengi wetu tumewahi kupiga simu ofisini isipokelewe. Hebu tuchukue mfano wa chama cha wakulima wa korosho huku Kisarawe. Malipo yakikaribia, watu wengi wanapiga namba moja, ya katibu. Mmoja anampata. Waliobaki wanaambiwa simu inatumika. Pengine katibu mwenyewe kaenda Mailimoja na simu imeisha chaji.

Shida hii ina dawa. Kompyuta inaweza kufanya kazi ya sentrali. Leo tutaeleza inavyowekwa na hatari zake. Hata kama kazi hiyo ataifanya fundi, ni vizuri nasi tuijue. Asiyejua huuziwa cha bure.

Sentrali ni nini?

Zamani ofisi kubwa zilikuwa na opereta. Alikaa mbele ya ubao wenye matundu na waya. Simu ikiingia aliuliza, "Unamtaka nani?" Kisha alichomeka waya kwenye tundu la mtu huyo. Siku hizi kazi hiyo inafanywa na programu. Programu ni maagizo yaliyoandikwa ili kompyuta iyafuate.

Programu mojawapo inaitwa Asterisk. Hilo ni jina la ile alama ya nyota tunayobonyeza tukitaka kujua salio. Ilianzishwa mwaka 1999 na Mark Spencer, kijana wa Marekani. Alikuwa na kampuni ndogo na alihitaji sentrali, lakini bei ilimshinda. Akaandika ya kwake. Kisha akaruhusu watu wote waitumie bure, waisome ilivyoandikwa na hata kuirekebisha.

Asterisk hutegemea programu nyingine, Linux, ambayo ndiyo inayoiendesha kompyuta nzima. Nayo ni ya bure. Ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Finland. Nchi hiyo si ngeni kwetu hapa Tumbi. Finland, Denmark, Norway na Sweden ndizo zilizosaidia kuanzisha kituo cha elimu cha Kibaha mwaka 1963. Mwaka 1970 kilikabidhiwa kwa serikali yetu.

Namna ya kuiweka

1. Tafuteni kompyuta. Kwa ofisi ndogo si lazima iwe mpya. Iwekewe Linux, kwa mfano ile iitwayo Debian.

2. Fundi aichukue Asterisk kwa njia ya intaneti, kutoka kwa watengenezaji wenyewe. Asiichukue kwa mtu wa njiani. Inakuja kama furushi lililofungwa. Alifungue.

3. Aijenge. Fundi ataandika amri tatu, moja baada ya nyingine: ./configure, kisha make, kisha make install. Ya kwanza inakagua kama mahitaji yote yapo, kama seremala anavyohesabu mbao na misumari kabla ya kuanza. Ya pili inajenga. Ya tatu inaweka kila kitu mahali pake. Kikikosekana kitu, kompyuta itasimama na kusema. Asome inachosema, akilete, aanze tena.

4. Aandike orodha ya simu katika faili liitwalo pjsip.conf. Kila simu ipewe namba na neno la siri. Mwenyekiti 101, katibu 102, ghala 103.

5. Aandike njia za simu katika faili liitwalo extensions.conf. Humo kompyuta inaambiwa: "Anayepiga 102, mwite katibu. Asipopokea kwa sekunde 20, mpigaji aache ujumbe." Inaweza pia kuambiwa: "Akibonyeza 1, asikie tarehe ya malipo." Basi mkulima anapata jibu hata katibu akiwa shambani.

6. Mjaribu. Mtu wa 101 ampigie wa 102.

Simu za ndani hazikati salio, kwa sababu hazipiti kwenye mtambo wa kampuni ya simu. Za nje zinahitaji laini ya kampuni yenye leseni ya TCRA, nazo hulipiwa. Watu wangapi waingie kwa wakati mmoja? Inategemea laini mlizolipia.

Hatari zake

Wapo wezi wanaotafuta sentrali kwenye intaneti usiku na mchana. Wanabahatisha maneno ya siri. Mkiweka 1234, wataingia. Watapiga simu za ghali za nchi za nje, na bili itakuja kwa chama. Fedha ya korosho itaishia huko. Kwa hiyo:

– Maneno ya siri yawe marefu, na kila simu iwe na lake.
– Fundi azuie watu wa nje wasiohusika kuifikia sentrali.
– Kampuni ya simu iwafungie simu za nchi za nje kama hamzihitaji.
– Programu ifanywe mpya kila marekebisho yanapotolewa.

Umeme ukikatika, sentrali inanyamaza. Wekeni betri, na ile simu ya katibu msiitupe.

Jambo la mwisho ni fedha. Asterisk yenyewe haiuzwi. Mnalipia kompyuta, laini na kazi ya fundi. Fundi akidai bei ya programu, mwulizeni ni programu gani. Tena, kabla hamjamlipa, aandike kwenye daftari kila alichofanya, na afundishe watu wawili wa hapo kijijini. Maneno ya siri yawe mikononi mwa chama. Fundi akihama, chama kisibaki bubu.

Maneno mapya

Amri: neno linaloandikwa ili kompyuta itende jambo.
Faili: maandishi yaliyotunzwa ndani ya kompyuta kwa jina lake.

Maswali ya kujadili

1. Ni ofisi gani ya kijiji chenu inayopigiwa simu mara nyingi? Watu huuliza nini?
2. Kwa nini neno la siri 1234 linaweza kukitia chama hasara?
3. Mkimwita fundi, mtamwuliza maswali gani kabla ya kumlipa?