Mafuta ya Kupima, Lehemu Isiyopimwa

Saa moja jioni, eneo la Kongo, mtaani Kawangware, Nairobi. Karai la mgongo wazi, yaani samaki aliyeondolewa minofu, linachemka kando ya barabara, mafuta yamekuwa meusi kama kahawa. "Kastama, nikuwekee wa ngapi?" mama anauliza, macho yake kwenye moto. Hatua chache kutoka hapo, mtoto ametumwa dukani na kikombe: mafuta ya kupima, ya shilingi ishirini. Nyumba inayokula kwa kibarua cha siku hainunui lita nzima. Kibera ni vivyo hivyo, kuanzia Makina hadi Laini Saba.

Mengi ya mafuta hayo ni ya mawese. Utasikia yakisifiwa kwamba hayana lehemu, ile kolesteroli, na ni kweli, kwani mmea hauna lehemu. Lakini karibu nusu yake ni mafuta mazito, yale yanayoganda kukiwa na baridi, na hayo hulipunguzia ini uwezo wa kuondoa lehemu mbaya kwenye damu. Ikibaki, inajipachika kwenye kuta za mishipa mwaka baada ya mwaka. Haiumi. Mtu anajiona mzima, anabeba mzigo wake, hadi asubuhi moja mkono unakataa kuinuka na mdomo umekwenda upande.

Nani angemwonya? Tangu Septemba 2023, wahudumu wa afya ya jamii wanaingia vichochoroni na mikoba yenye mashine za kupima presha na sukari. Kazi yao ni kubwa na wanastahili heshima. Ila kipimo cha lehemu hakimo mkobani. Anayekitaka aende maabara, alipe, na kibarua cha siku hiyo kimpite.

Mimi simlaumu mama wa karai; serikali ndiyo inayoweza kuyabadilisha mafuta yake. Mwaka 1987 serikali ya kisiwa cha Morisi haikuishia kuwahubiria watu. Iliyabadilisha yale mafuta ya bei nafuu yenyewe, kutoka mawese hadi soya. Kufikia 1992, wastani wa lehemu katika damu ya watu wazima ulikuwa umeshuka kwa takriban asilimia 15.

Mawese yetu huja kwa meli, na ushuru wake hupangwa na serikali pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Wizara ya Fedha iutumie kuyashusha bei mafuta ya soya na alizeti, hadi yafike kwenye kile kikombe cha shilingi ishirini.