Je, Akili Unde Itawanyima Vijana Wetu Kazi ya Usanifu wa Michoro?



Wazazi wengi wa pwani yetu wamewapeleka watoto wao kusomea usanifu wa michoro, kazi ambayo vijana wenyewe huiita dizaini. Ni kazi iliyotupendeza kwa sababu nyingi. Haitaki mtaji mkubwa zaidi ya kompyuta; binti aweza kuifanya akiwa nyumbani kwao; na wateja hawakosekani, maana harusi zataka kadi, madrasa zataka vyeti, maduka yataka mabango, na kila anayegombea kiti ataka uso wake uonekane ukutani. Sasa wazazi hao wameingiwa na hofu. Wamesikia, na baadhi yao wameona kwa macho yao, kwamba mtu asiyejua hata kupiga mstari ulionyooka aweza kuiandikia simu maneno mawili matatu, na kabla ya chai kupoa akapata bango zima. Wauliza: tuendelee kulipa karo, au tumwondoe mtoto?

Naona asiondolewe, lakini aulizwe kwa makini chuoni anafundishwa nini.

Hofu ya wazazi si ya bure. Mwaka 2022 programu za akili unde kama DALL-E 2, Midjourney na Stable Diffusion zilifunguliwa kwa umma, zote zikiwa na uwezo wa kugeuza maneno kuwa picha. Mwaka uliofuata kampuni ya Adobe ikautia uwezo kama huo ndani ya Photoshop, chombo ambacho wasanifu wenyewe hukitumia kila siku. Yaani mshindani wao ameketi nao meza moja. Januari 2025 Jukwaa la Uchumi Duniani, katika ripoti yake kuhusu mustakabali wa ajira, liliutaja usanifu wa michoro miongoni mwa kazi zitakazopungua kwa kasi kufikia 2030. Miaka miwili kabla ya hapo, kazi hiyo hiyo ilihesabiwa kuwa yenye kukua kwa kiasi.

Watu wa pwani hawaanzi leo kuona mashine ikiingia katika kazi ya mkono. Siyu, katika kisiwa cha Pate, misahafu ilikuwa ikinakiliwa kwa kalamu na kupambwa kwa wino wa rangi, na wanakili wake walikuwa watu wa kutajika. Ilipofika misahafu ya chapa kutoka Bombay na Misri, kazi ile ikafifia. Lakini tazameni msahafu wa Madina, unaosomwa leo katika misikiti yetu mingi. Khati yake haikutungwa na mtambo. Iliandikwa kwa mkono na khattati Uthman Taha, mzaliwa wa Syria, ikakaguliwa na kamati ya wanazuoni, kisha ndipo mitambo ya Jumba la Mfalme Fahd ikaitoa kwa mamilioni ya nakala. Mtambo ulichukua kunakili. Kuandika na kukagua kukabaki kwa watu.

Tofauti ya leo, na haifai kuificha, ni kwamba mashine hii yadai kuandika pia. Basi na tuitazame inavyoandika.

Nyingi katika programu hizi hazichori kama achoravyo mtu. Zimeoneshwa picha kwa mamilioni pamoja na maelezo yake, zikajifunza kuanza na chengachenga tupu, mfano wa televisheni iliyokosa mawimbi, na kuzisafisha hatua kwa hatua mpaka itokee sura inayolingana na maneno uliyoyatoa. Kwao ua la kadi ya harusi na herufi ya bismillahi ni jambo moja: ni umbo tu. Herufi za Kilatini zimeanza kuzimudu vizuri. Za Kiarabu bado huzivuruga mara nyingi, kwa kuwa herufi ya Kiarabu hubadilika sura kulingana na mahali ilipo katika neno, tena aghalabu hutengwa na mwenzake kwa nukta peke yake. Chukueni neno "rahimi", mwenye kurehemu. Itieni ile hee nukta moja, nayo yawa jimu, na neno lawa "rajimi", sifa ya Shetani aliyefukuzwa. Nukta hiyo mashine yaweza kuitia bila ya kuona haya, na mpiga chapa asiyesoma Kiarabu akaitoa nakala mia tano, zikabandikwa hadi mlangoni mwa msikiti.

Ugonjwa huu, kwa hakika, ni mkongwe kuliko akili unde. Miaka mingi tumeona mabango ambayo herufi za Kiarabu zimekatika moja moja na kupangwa kutoka kushoto kwenda kulia, kwa sababu programu haikuwekwa sawa na aliyeketi mbele yake hakujua kusoma alichokipanga. Kilichozidi sasa ni kasi, na mapambo yanayolihadaa jicho. Hapa ndipo kijana aliyepitia chuo cha Qur'ani kisha akasomea usanifu ana mtaji ambao hauuzwi dukani. Na si Kiarabu peke yake. Anayejua kwamba leso ina pindo, mji na jina, na kwamba jina likikosewa neno moja fumbo lote huharibika, amebeba elimu ambayo mteja hawezi kuiagiza kwa simu asipokuwa naye anaijua.

Hata hivyo, kinachonihangaisha zaidi ni jinsi kazi hii inavyojifunzwa. Fundi wa jahazi hakuanza kwa kuunda jahazi. Alianza kwa kutia kalafati na kuwashikia wenzake mbao. Msanifu naye huanza na vijikazi: kuondoa kivuli kwenye picha, kupanga majina mia mbili ya kadi za waalikwa, kupunguza bango liingie katika risiti. Vijikazi hivyo ndivyo vilivyompa nauli, na ndivyo vilivyolifunza jicho lake kuona mstari uliopinda. Sasa hivyo hasa ndivyo mashine inavyovichukua mwanzo. Mwenye duka aliyekuwa akiwapokea vijana wawili kila mwaka aona hana haja nao. Nawauliza wenye maduka ya chapa, kwa heshima: mkishazeeka, ni nani atakayejua kwamba rangi za kioo si rangi za wino, na kwamba picha inayong'aa kwenye simu ikikuzwa kuwa bango la mita tatu hukatikakatika vipande? Kijana mmoja aketi kando yenu, hata kama kazi yake ya miezi ya kwanza mashine ingeimaliza kwa saa moja.

Nanyi wazazi, mkifika chuoni ulizeni kama mtoto ashika penseli na karatasi, kama afundishwa khati, mpangilio wa rangi na mambo ya uchapaji. Akiwa afundishwa kubonyeza vitufe vya programu moja tu, karo hiyo yapotea.

Kuna na suala la uaminifu. Kukitumia chombo hiki kwa kazi ya halali sioni tatizo, ama suala la picha za viumbe wenye roho ni refu, wanazuoni wamehitilafiana, nami sitaliingia hapa. Lakini kumwambia mteja kwamba umemchorea kwa mkono, ukapokea ujira wa mkono, ilhali umeagiza kwa simu, hiyo ni ghishi. Tena ina madhara ya kisheria. Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka 2001 humhesabu mtunzi wa kazi iliyozalishwa na kompyuta kuwa ni yule aliyefanya matayarisho yaliyohitajika ili ipatikane. Marekani hawaoni hivyo: Februari 2023 Ofisi yao ya Hakimiliki ilikataa kuzilinda picha za kitabu kimoja cha vibonzo zilizotolewa na Midjourney, kwa hoja kwamba hazikutungwa na mwanadamu. Mfanyabiashara anayetaka nembo ya kuvuka nayo bahari ana haki ya kujua imepatikanaje kabla hajalipa.

Mfungo Sita ukikaribia, kamati za maulidi zitakuwa zikiagiza mabango. Pendekezo langu kwao ni kwamba kila andiko la Kiarabu lipitiwe na msomaji mmoja kabla ya kupigwa chapa, nukta kwa nukta. Na msomaji huyo awe kijana msanifu aliyesoma madrasa, aandikwe katika bajeti pamoja na mahema na vipaza sauti, na alipwe siku hiyo hiyo.