Haya Isiwaue Mama Zetu

Haya ni pambo la Mwislamu, mwanamume na mwanamke. Lakini haya ikimfunga mama mdomo, asiseme maradhi yake mpaka yamwue, hiyo si haya tena. Ni ujinga uliovaa nguo ya haya. Bibi Umm Sulaim, Mwenyezi Mungu amwie radhi, alimwuliza Mtume wetu (s.a.w.) mambo ya ndani kabisa ya wanawake, naye akamjibu bila ya kumkemea. Basi leo twataka kusema na wasomaji wetu wa Shinyanga, Kahama na Geita juu ya saratani ya mlango wa kizazi.

Katika Tanzania hii ndiyo saratani iuayo wanawake wengi kuliko nyingine. Karibu yote huanzishwa na kirusi kiitwacho HPV, kipitacho baina ya mume na mke. Mara nyingi mwili hukishinda wenyewe. Lakini kikidumu, huuharibu mlango wa kizazi pole pole, kwa kawaida miaka 15 mpaka 20. Kwa mwenye virusi vya Ukimwi asiyetumia dawa, miaka 5 mpaka 10 yatosha. Muda huo wote mama haoni maumivu. Damu ikianza kutoka pasipo siku zake, au baada ya tendo la ndoa, huenda maradhi yamekwisha kufika mbali.

Kwa hiyo hapana budi yatafutwe kabla hayajajionyesha. Mwuguzi hupaka siki iliyopunguzwa nguvu juu ya mlango wa kizazi, akangoja kidogo. Penye hitilafu hugeuka peupe. Pakiwa padogo, huunguzwa kwa joto au hugandishwa kwa baridi, na mara nyingi mama hurudi nyumbani siku ile ile. Yampasa kila mama aliyetimiza miaka 30 apimwe. Mwenye virusi vya Ukimwi asingoje umri huo.

Na wasichana wana kinga yao. Mjini Mwanza, kuanzia mwaka 2017, watafiti waliwachanja wasichana 930 wa miaka 9 mpaka 14: wengine sindano 1, wengine 2, wengine 3. Baada ya miaka 2, karibu wote waliochomwa sindano moja walionekana kuwa na kinga dhidi ya aina ya kirusi iliyo hatari kuliko zote. Serikali yetu, iliyoanza chanjo hii mwaka 2018 kwa sindano 2, tangu mwaka 2024 hutoa sindano moja kwa wasichana wa umri huo.

Wako akina baba wasemao: "Binti yangu amelelewa kwa adabu, chanjo hii ni ya nini?" Jibu ni hili. Binti aliyehifadhika naye ataolewa. Huenda mumewe amekaa miaka mingi Nyarugusu au Rwamgasa akichimba dhahabu, na aliyoyafanya huko ayajua Mola wake. Tena si lazima pawe na dhambi: mjane aliyeolewa tena kwa halali aweza kuwa na kirusi cha ndoa yake ya kwanza.

Kwa sababu hiyo hiyo, mume asimtuhumu mkewe kwa jibu la hospitali. Kirusi hiki hukaa kimya miaka mingi, wala hakisemi kimetoka kwa nani. Sheria yetu imetaka mashahidi wanne katika jambo hilo, na siki si shahidi.

Wako pia akina mama waogopao kukaguliwa na mwanamume. Na waombe mwuguzi wa kike. Akikosekana, wanavyuoni wameruhusu penye dharura, kwa kadiri ya haja. Bibi Rufaida aliwatibu majeruhi huko Madina. Basi nasi tuwasomeshe binti zetu uuguzi, ili mama zao wapate wa kuwakagua.

Enyi waume, wapeni wake zenu ruhusa na nauli. Nanyi akina mama, ulizeni siku ya vipimo katika kituo cha afya kilicho karibu nanyi, mwende wawili wawili. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mponyaji.