Mtu Akiibiwa Jina Lake Afanye Nini?

Tumeulizwa mara nyingi, barazani na msikitini baada ya sala, habari ya msiba mpya ulioingia majumbani mwetu katika mwambao huu wa Tanga, toka Mkinga hata Pangani. Mtu amekaa kwake salama, hana deni wala kesi, mara hupigiwa simu na asiyemjua akadaiwa fedha. Au huitwa polisi akaambiwa kwamba namba fulani ya simu, iliyotumika kumlaghai mtu wa Mwanza, ni yake. Huapa kwamba haijui namba ile, naye asema kweli. Lakini katika kumbukumbu za kampuni ya simu jina ni lake, kitambulisho ni chake, na kidole ni chake.

Mwizi tuliyemzoea huchukua kuku, baiskeli, au nazi shambani, na mwenye mali hujua asubuhi yake kwamba ameibiwa. Mwizi wa jina hachukui kitu kionekanacho. Jina hubaki kwa mwenyewe, huku lamfanyia kazi mtu mwingine, na aghalabu mwenyewe ndiye wa mwisho kupata habari.

Wazee wetu walipouziana shamba la minazi waliandikiana khati. Mtu akatajwa kwa jina lake, la baba yake na la babu yake, wakaitwa mashahidi wanaomjua. Leo ushahidi huo umewekwa katika kitambulisho cha Taifa chenye tarakimu 20, ambazo nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, pamoja na alama za vidole. Mwaka 2019 Serikali iliagiza laini zote za simu zisajiliwe kwa kitambulisho hicho na kwa kidole, na Januari 2020 zisizosajiliwa zikaanza kufungwa. Kusudi lilikuwa jema, nalo ni kuwakomesha matapeli. Lakini matapeli nao walihitaji laini zilizosajiliwa, basi wakaanza kuwinda vidole vya watu.

Jinsi wavipatavyo ni jambo la kuzingatiwa. Wazee wengi wa kwetu vidole vyao vimekwanguka kwa kukata mkonge, kusokota kamba za makumbi na kuvuta nyavu. Mashine haivisomi upesi. Wakala aliyeketi chini ya mwavuli humwambia bibi, "Weka tena, haijakubali," naye huweka mara ya pili, ya tatu, ya nne. Wakala mwaminifu asema kweli, maana mashine imekataa. Asiye mwaminifu amekwisha kusajili laini ya bibi katika mara ya kwanza, na zile tatu zilizobaki azisajili laini nyingine za kuuza kwa wahalifu. Bibi hana njia ya kuwapambanua hao wawili. Mama mmoja, mzazi wa mwanafunzi wetu, alikuta laini tatu zaidi chini ya jina lake, naye katika maisha yake hajamiliki ila simu moja ndogo ya tochi.

Wako pia waliotoa vidole vyao kwa hiari. Siku zile za kusajili, watu wengi hawakuwa wamepata namba zao za kitambulisho, basi mjomba akamsajilia mpwa, na jirani akamsajilia jirani. Wakadhani wamefanya hisani ndogo. Kwa hakika walijitia katika jambo lililo karibu na udhamini, wala hawakuuliza wanamdhamini nani kwa lipi. Aliye na laini ya namna hii mikononi mwa mwingine na airejeshe kwa mwenye kuitumia, aisajili upya kwa jina lake mwenyewe.

Sasa, aliyegundua kwamba ameibiwa jina afanye nini? Wengi wa watu wetu hunyamaza. Huona haya, huogopa polisi, au husema, "Namwachia Mungu." Twaheshimu subira, lakini hatuoni kuwa kunyamaza huku ni subira. Nabii Yusuf, amani iwe juu yake, alipojiwa na mjumbe wa mfalme ili atolewe gerezani, hakutoka mbio. Alimrudisha mjumbe, akataka kwanza waulizwe wale wanawake waliokata mikono yao, mpaka wakashuhudia kwamba hana ubaya, na mke wa bwana wake akakiri. Ndipo alipotoka. Miaka aliyokaa gerezani haikumfanya aone kwamba kulisafisha jina lake ni jambo la kuachwa. Na kwako wewe lipo zaidi ya hilo: laini ile ikiwa hai, kesho itamlaghai mjane mwingine kwa jina lako.

La kwanza, piga *106# katika simu yako mwenyewe, ufuate maelekezo mpaka uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Mwenye laini za kampuni mbili au tatu na afanye hivyo katika kila moja. Ziandike kwenye karatasi zile usizozijua. Asiyeweza kusoma na amwite mwanawe, si kijana apitaye njiani.

La pili, siku ile ile nenda katika duka la kampuni yenyewe, si kwa wakala wa mwavuli, uchukue kitambulisho chako, uzikane namba zile na utake zifungwe. Wala usitoke kwa neno la mdomo. Taka maandishi, yenye tarehe, namba zenyewe na jina la aliyekuhudumia. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani imekuja kwa sababu ya kuandika deni. Basi na kulikana deni nako kunastahili karatasi.

Kisha kituo cha polisi: wa mjini aende Chumbageni au kituo kilicho karibu naye, na wa Muheza, Pangani na Mkinga waende vya kwao. Toa taarifa, upewe namba ya jalada, ile watu waiitayo RB, uihifadhi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, katika kifungu cha 15, imeharamisha kujifanya mtu mwingine kwa njia ya kompyuta. Ikiwa wewe ndiwe uliyeitwa polisi, usijifiche. Nenda na mtu mzima mwenye akili na karatasi zako zote. Anayejificha hufanana na mwenye kosa.

Yako mambo yasiyongoja hata saa moja. Laini yako ikikata mtandao ghafla, na za wenzako zafanya kazi, huenda mwizi ameihamishia jina na namba yako katika kadi nyingine. Azima simu, upige 100 kwa kampuni yako, uifunge laini pamoja na akaunti ya fedha, kisha uiarifu benki. Na jamaa waambiwe upesi, kwa maana mwizi huwaandikia wao kwanza: "Ile hela nitumie kwenye namba hii." Ujumbe wa namna hiyo hupelekwa 15040 pamoja na namba iliyoutuma.

Ama mkopo uliochukuliwa kwa jina lako, hapa moyo wa Muislamu huungua mara mbili, kwa deni asilokula na kwa riba asiyoitaka. Wengine hulipa ili wasisumbuliwe. Hatulioni hili kuwa sawa, kwa kuwa kulipa ni kama kukiri. Katika sharia yetu ushahidi hutakwa kwa mwenye kudai. Lakini hawa watatoa kitambulisho chako kuwa ndio ushahidi wao, na utakachowajibu nacho ni zile karatasi mbili. Kumbuka pia kwamba Novemba 2024 Benki Kuu ilizitangaza programu 69 za kukopesha kwa simu zisizo na leseni. Basi uliza kwanza kama anayekudai ni mkopeshaji halali. Na aliyezitoa habari zako ovyo waweza kumshitaki katika Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyowekwa na sheria ya mwaka 2022.

Tumesikia wengine wakisema watamsomea mwizi Halbadiri. Dua ya aliyedhulumiwa hatuipuuzi, lakini Halbadiri haifungi laini. Na khatari yake nyingine ni kwamba kisomo kikipita, kila anayeumwa kichwa mtaani hushukiwa, nasi tumeamrishwa kuhakikisha habari kabla ya kumdhuru mtu kwa ujinga.

Limebaki moja ambalo nyumba nyingi husahau. Mtu akifa, huoshwa, huzikwa, hitima husomwa, na laini yake huachwa katika droo, au hupewa mtoto achezee. Jina la maiti ndilo rahisi kuibwa, kwani mwenyewe hatapiga *106#. Warithi na waende na cheti cha kifo na barua ya usimamizi wa mirathi, laini ifungwe. Fedha itakayokutwa ndani yake, ijapokuwa shilingi elfu mbili, ni tirka. Hulipiwa madeni kwanza, kisha hugawiwa.